Bahari Isiyozidi Sahani

"Gundi haishiki maji yakijaa." Maneno hayo ndiyo yaliyonikaribisha kwa Fundi Fremu wa Likoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana yake, cheti changu cha ualimu nimekiviringisha kwapani, nimemwamkia kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu kule Rabai. Akanitazama juu ya miwani, akayatazama maji ya kivukoni, akasema, "Marahaba, mwanangu. Ndoo saa tisa. Gundi haishiki maji yakijaa."

Ndoo ni njoo ya Kimvita, lakini nilidhani ananifukuza kwa upole. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, mgeni Likoni, na nilikwisha onywa kwamba wenyeji wa Mvita wana namna nyingi za kumwambia mtu aende zake bila ya kumwambia. Lakini niliporudi saa tisa maji yalikuwa yametoka, mchanga uko wazi, na fundi amebandika kikopo cha gundi motoni. Alikipokea cheti kwa mikono miwili, akakilaza mezani, akakinyosha kwa kiganja pole pole. Siku ya pili nilikikuta kiko nyuma ya kioo, pembe zote nne zimekaza, na nyuma yake pana mstari mmoja wa herufi za Kiarabu kwa kalamu ya risasi. Herufi hizo mimi sizijui, nimesomea misheni. Nikamwuliza ameandika nini.

"Nimeandika ni kitu gani, na maji yalikuwaje," akasema.

Hivyo ndivyo alivyofanya kwa kila fremu iliyotoka mkononi mwake. Kwanza jina la kitu, kisha neno moja: kupwa, au kujaa. Alishikilia kwamba ubao una bahari ndani yake, unavimba na kunywea pamoja na maji ya kivukoni, na kwamba pembe iliyogundishwa maji yakiwa yamejaa itakuja kuachana tu. Hakuna fundi mwingine aliyekubaliana naye. Seremala wa jirani alikuwa akimcheka mpaka anashika mbavu. Yeye hakujali. Maji yakiwa yamejaa alikata mbao, alipiga randa, alisafisha vioo, alilala kidogo. Maji yakitoka tu, utamwona anakimbilia gundi yake, na hapo hata mwanawe wa kumzaa, kama angekuwa naye, asingesalimiwa.

Basi karibu kazi zake zote ziliandikwa kupwa. Za kujaa zilikuwa chache, za watu waliomlazimisha. Moja ilikuwa picha ya Malkia, ya ofisi moja ya serikali, iliyoletwa na askari mwenye haraka akitaka imalizwe palepale. Fundi aliigundisha bila ya kusema neno, akaandika nyuma, "Malkia, kujaa," akampa. Uhuru ulipokaribia, picha ile ililetwa tena ili Malkia atolewe na fremu itiwe mkubwa mpya. Pembe ya chini ilikuwa imeachana, kidole kinapita. Fundi alinionyesha kwa furaha ambayo sikuiona hata siku ya bendera.

Nimesema alikuwa na furaha siku ile, na ninaitaja kwa sababu miaka ile furaha zake zilikuwa za kuhesabika. Nitafika huko.

Jambo la pili alilojulikana nalo ni Kiswahili. Mtu wa Mvita ukimgusa Kiswahili chake umemgusa mama yake, lakini fundi alizidi. Usingeweza kumpa kazi kabla hujaiomba sawasawa. Nilikuwapo siku ambayo karani mmoja kutoka bara aliingia na picha ya harusi, akasema anataka "fremu kikubwa."

"Fremu ni kubwa, bwana," fundi akamwambia. "Haiwi kikubwa. Kikubwa ni kichwa chako."

Karani akacheka, maana mzaha wa fundi haukuwa na sumu. Akarekebisha. Fundi akampa kiti na kahawa. Mimi nilipona kwa sababu lugha ya kwetu nayo ina ngeli zake na sikuzikosea, lakini matamshi yangu aliyaandama miaka yote. Nikisema "dzana" badala ya jana, kwa kusahau, alikuwa akijifanya kutafuta nyuki ndani ya chumba.

Na palikuwa na jambo la tatu, ambalo watu walilisema chini chini. Fundi huyu aliyekuwa akila kwa picha, ndani ya nyumba yake hakuweka hata moja. Karakanani kuta zilijaa nyuso za watu: maharusi, mahaji, masharifu, wachezaji mpira wakiwa wamekunja mikono. Ukipita pazia ukaingia uani, kuta nyeupe tupu. "Sura ya mtu haitundikwi," alisema. "Malaika hawaingii." Nikamwuliza, mbona za wenzio unazitundika? Akanijibu kwamba malaika wa wenziwe ni shauri la wenziwe.

Nyuma ya pazia lile ndiko alikokuwa mkewe. Fundi hakumtaja jina hata siku moja. Alisema "watu wa nyumbani," kama wanaume wa rika lake wote. "Watu wa nyumbani wamepika," "watu wa nyumbani wanakusalimu." Mimi nilimwita Bi Mkubwa, naye akaniita Mwalimu, na kwa kuwa nilikuwa mwanamke nilipita pazia bila ya kuomba ruhusa. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye kupenda kusikiliza habari za watoto wa shule. Maji yakitoka na kazi za nyumba zikiwa zimekwisha, alishuka pwani kuokota kombe. Si kwamba walikuwa na shida ya kitoweo. Alipenda tu kuinama pale mchangani na upepo mgongoni, na mumewe alimwachia hilo.

Siku moja akanishika mkono akaninong'oneza, anacheka, "Mwalimu, nami nimo pichani. Kuna bibi wa Kizungu huja na kiti chake kuchora bahari. Kanitia. Kanichora mgongo, maana uso hakuuona, nalikuwa naokota kombe. Kanga yangu nyekundu kaifanya punje."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Yule bibi, mke wa mhandisi aliyekaa kule juu, alileta picha yake kwa fundi aitie fremu. Ilikuwa ndogo, haizidi sahani ya mtu mmoja: bahari imekupwa, mwamba umechomoza, maji yako mbali, na chini kabisa pembeni, mwanamke ameinama. Fundi aliijua kanga ile. Akaikalia kimya. Picha ikakaa karakanani siku tatu, na siku ya mwisho Bi Mkubwa akachungulia, akaiona, akauliza, "Ndio mgongo wangu huo?" Fundi akamwambia arudi ndani. Akaifungia fremu ya mvule, akaandika nyuma, "Bahari, kupwa," akampa yule bibi. Haya yote yalitokea kabla sijahamia Likoni.

Mwaka wangu wa pili pale, Bi Mkubwa akashikwa na homa. Ilikuwa homa ya siku nne. Nilikuwa darasani nilipoletewa habari, na nilipofika nilikuta viatu vya watu vimejaa mlangoni, na fundi amekaa kwenye benchi lake la kazi, mikono magotini. Maji yalikuwa yametoka. Gundi ilikuwa haijawashwa moto.

Baada ya arubaini ndipo aliponiambia jambo ambalo nadhani hakumwambia mtu mwingine. Tulikuwa tunangoja pembe za ramani ya shule zikauke. Akasema, bila ya kunitazama, "Idi moja alikuja mpiga picha, yule wa sanduku na miguu mitatu. Wake wa mtaa wote wamepigwa. Watu wa nyumbani wakaniomba. Wakasema, moja tu, nitaitia sandukuni, sitaitundika. Nikasema mke wangu hatazamwi na mtu. Aliniomba kitu kimoya, mwalimu. Miaka yote ile, kimoya. Nikamnyima."

Kisha akasema, "Namsahau. Wallahi, namsahau uso. Asubuhi naamka namtafuta hivi, simpati."

Nilikuwa kijana, sijaolewa, sijafiwa na mtu wa karibu. Nilimwambia Mungu atamsaidia, akaitika amin.

Tangu siku hiyo alianza kuitafuta picha ile ya bahari, aliyoichora bibi wa Kizungu. Sasa, mimi nilimjua mzee huyu miaka mingi na ukoo wake sikupata kuusikia. Babu yake ni nani, walitoka wapi, hakuna alichosema, na katika mji ambao watu hukusomea baba zao hadi wa saba hilo lilikuwa jambo la ajabu. Lakini ukoo wa picha ile aliukusanya kipande kipande, akawa anausoma kwa sauti akipiga randa. "Kwa bibi mchoraji, miezi sita, ukumbini, juu ya redio. Kwa bwana wa bandari, mwaka na kitu, nyuma ya meza yake ya kazi. Kwa daktari, zawadi ya harusi, chumba cha kulia." Wazungu wenyewe hakuwauliza. Aliwauliza watu wao. Mpishi wa yule bibi ndiye aliyemwambia kwamba mchoraji amerudi kwao na picha amempa bwana wa bandari. Tarishi wa bandarini ndiye aliyemwambia ya daktari. Kwa daktari alimpata yaya, na yaya akasema bwana na bibi wamehamishiwa Nairobi, picha wamempa mtu, mtu gani hajui. Uzi ukakatikia hapo.

Kila alikokwenda alivaa kanzu safi na koti, na kila mahali aliuliza swali lile lile: pana picha ndogo, bahari imekupwa, fremu yake ya mvule, ukingo mpana? Hakumwambia yeyote kwamba anamtafuta mkewe. Aliwaambia anaikagua fremu yake kama imeshika. Walimwona mzee mwenye kiburi cha kazi, wakamcheka kidogo, wakamjibu.

Kisha ikaja siku ambayo hadi leo nikiikumbuka naona haya. Shule zililetewa orodha ya maonyesho ya picha, yaliyokuwa yafanyike siku nne katika ukumbi mmoja kule kisiwani, ng'ambo ya kivuko. Nikaikimbiza kwa fundi. Yeye herufi za Kizungu hakuzijua, kama mimi nisivyozijua zake, basi nikavuta kiti nikamsomea, namtafsiria jina baada ya jina. Akanisimamisha. "Za bahari ni ngapi?"

Zilikuwa tatu. Moja ni meli bandarini. Moja ni mawimbi yakipiga ngome. Ya tatu haikuhitaji tafsiri, iliandikwa kwa Kiswahili: Bahari Kubwa.

Fundi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Kubwa! Basi hiyo itakuwa ya ukuta mzima. Yangu haizidi sahani. La, mwalimu, hamna. Ahsante."

Nilikuwa nimejitayarisha kumvusha Jumamosi. Sikumvusha. Na nitasema kweli, nilifurahi, kwa sababu nilikuwa na madaftari ya kusahihisha na jua lilikuwa kali. Siku nne zikapita. Orodha nikaifanya jalada la daftari langu la mahudhurio, maana karatasi yake ilikuwa nzuri.

Baadaye nilihamishiwa Kisauni. Ukitoka Kisauni kwenda Likoni, siku hizo, unavuka daraja la Nyali, unakikata kisiwa chote, unapanga foleni ya kivuko, na ukifika jua limekwisha geuka. Nilikwenda kila baada ya miezi miwili, kisha mitatu. Kila nilipofika alikuwa akinisomea ukoo wa picha tangu mwanzo, akikomea kwa yaya, na kila mara alikuwa ameongeza neno dogo: kwamba kwa daktari ilitundikwa upande wa dirisha, kwamba bwana wa bandari alikuwa akiifuta vumbi mwenyewe. Sura ya mkewe haikuongezeka kitu. Alikuwa amekonda. Nilimkuta mara mbili maji yametoka naye amekaa tu, kikopo cha gundi kimepoa.

Uhuru ukaja. Kisauni tulikesha, tukaimba, tukapata bendera yetu ya shule. Katika kutundika bendera, kijana mmoja mrefu, mwalimu wa dini ya Kiislamu, aliegemea ukuta wa ofisi akakiangusha cheti changu. Kioo kikapasuka. Alisikitika sana, akainama kuokota, akakigeuza, akaona maandishi ya nyuma.

"Nani aliyeandika hivi?" akauliza, na nilimwona anajizuia kucheka.

"Fundi mmoja wa Likoni. Pamesemwa nini?"

"Cheti cha mwalimu, kubwa." Akacheka sasa waziwazi. "Mwalimu, cheti kubwa? Huyu fundi wako mtu wa bara? Cheti si huwa kikubwa?"

Nilikaa kitini. Mtu yule aliyemwambia karani kuwa kikubwa ni kichwa chake, aandike cheti kubwa? Nilimwambia kijana asome tena. Akasoma tena: kaf, ba, waw. Kubwa. Nikamwuliza, na neno kupwa, la maji kupwa, huandikwaje?

Akafikiri. "Wazee huandika vivi hivi. Kiarabu hakina pa, mwalimu. Wao ba na pa huzitia nukta moja zote, msomaji ajijuze mwenyewe. Sisi vijana ndio tunaoitia pa nukta tatu."

Kijana yule hakuelewa kwa nini niliinuka nikaanza kupekua makabati. Daftari la mahudhurio la Likoni nilikuwa nalo bado, na jalada lake bado. Bahari Kubwa. Mtu fulani aliigeuza picha ile, akamwita mtu anayejua herufi zile amsomee, naye kwa nia njema kabisa akamsomea neno lililoingia akilini. Bahari gani tena, kama si kubwa? Na mimi nikamsomea fundi mwenyewe jina la picha yake, nimekaa kwake, kwenye kiti chake, akalikataa. Siku nne mkewe alikuwa ng'ambo tu ya maji, na tungeweza kumfikia kwa kivuko kimoja.

Chini ya jina, orodha ilisema picha imeazimwa kutoka kwa bwana mmoja wa reli, wa Changamwe. Nikaenda Changamwe Jumamosi ile ile. Nyumba ilikuwa na watu wapya, karani wa Kigoa na mkewe, na mke akakumbuka: bwana wa reli alipoondoka vitu vyake vilipigwa mnada uani, na viti vya ukumbini vilinunuliwa na mama wa Kizungu mwenye nyumba ya wageni Shanzu. Picha aliinunua pamoja na viti. Jumamosi ya pili nikaenda Shanzu.

Niliipata kwenye ujia wa kwenda jikoni, juu ya meza ya sahani chafu. Fremu ya mvule, ukingo mpana kama dole gumba. Bahari imekupwa, mwamba umechomoza, maji yako mbali. Nikasogea karibu. Nikatazama chini, pembeni, pembe zote mbili, nikatazama tena. Mwanamke hakuwamo. Mchanga mtupu.

Mwenye nyumba akanikuta hapo. Alikuwa mama mtu mzima, mkarimu, mwenye Kiswahili cha jikoni. "Wewe napenda hii? Jina yake Bahari Kubwa. Mimi napenda sana. Nanunua kwa sababu hapana mtu ndani. Watu iko mingi kila mahali."

Nikaomba kuigeuza. Maandishi yalikuwa ya fundi; mstari ule mmoja niliujua umbo lake hata bila ya kujua kuusoma. Hapo nikasema uongo ambao sijautubia: nikamwambia mama yule kwamba fremu imeingia bungua, mdudu wa mbao, atamlia picha yake, na kwamba namjua fundi aliyeitengeneza. Akashtuka. Akaniambia niende nayo, lakini niirudishe.

Njia nzima nimeipakata, imefungwa kanga, nikiwaza nitamwambia nini. Nilimkuta fundi uani. Nywele zilizobaki zilikuwa nyeupe, na alinitambua kwa sauti kabla ya sura. Maji yalikuwa yamejaa. Nikamwamkia, nikamwekea mapajani, nikamfungulia kanga.

Akapitisha vidole kwenye pembe nne, moja moja. Zilikuwa zimeshika.

"Nimemwambia mwenyewe ina bungua," nikasema, nipate tu la kusema.

"Mvule wangu? Bungua?" Alichukia kweli kweli. "Umenitukana, mwanangu."

Nikamweleza habari ya nukta, ya cheti, ya orodha. "Basi ulinisomea," akasema, "nami nikakataa kwa kinywa changu."

"Fundi, kuna jambo jengine. Bahari ni ile na mkono ni wako. Lakini Bi Mkubwa hayumo. Nimetazama."

Akainua uso. "Yumo," akasema. "Nilimficha."

Kisha akanieleza. Alipokuwa akiitia fremu, siku ile ya tatu, alifikiria ukumbi wa yule bibi, na wageni wamesimama na glasi zao wakimtazama mkewe mgongo. Hakuweza. Akachonga ukingo mpana kuliko desturi yake, akaulaza juu ya ile pembe ya chini, akamfunika. Kila alikopita yule mwanamke, bandarini, kwa daktari, Changamwe, ukumbini mwa maonyesho, alikuwa amefunikwa. Hakuna aliyemwona. Miaka yote ile fundi aliuliza watu habari za bahari na fremu, maana alijua hakuna mtu wa kuulizwa habari zake.

Nikamwuliza kama tungoje maji yatoke.

"Kufungua hakungoji maji. Nipe koleo."

Aliitoa misumari mwenyewe, hakukosea hata mmoja. Akainua kadibodi, akaipokea picha kwa viganja, akaigeuza kwenye mwanga wa ua.

Bahari yote ilikuwa imefifia kwa jua la madirisha ya watu. Lakini pale ukingo ulipolalia, rangi ilikuwa kama imepakwa jana. Mchanga ule ulikuwa mbichi, na juu yake mwanamke mwembamba ameinama, mkono mmoja chini, kanga imemkaza mgongoni, nyekundu, kiasi cha punje ya mchele. Uso hauonekani. Lakini hata mimi nilimjua, kwa jinsi alivyoinama.

Fundi akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na sikumkataza. Alipopata kusema, alisema, "Kumbe shingo yake ilikuwa hivi. Nalisahau shingo."

Nikamwambia, kwa uchungu niliokuwa nao, kwamba nitakwenda kwa yule mama nimwombe amwuzie, au amwachie tu. Akatikisa kichwa. Kitu kina mwenyewe, akasema, na mwenyewe hakuiba. Aliomba siku tatu tu. "Mwambie gundi inataka siku tatu." Gundi yake inakauka kwa usiku mmoja, sote tunajua.

Niliporudi siku ya tatu maji yalikuwa yametoka. Alikuwa amechonga fremu mpya, ukingo mwembamba kama uzi, na mwanamke yuko nje, mchangani, mtu yeyote amtazame. Ile fremu ya zamani niliiona kwa mbali, ukutani mwa nyumba yake, tupu, imetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe.

"Hutamfunika?" nikamwuliza.

"Nilimnyima moja," akasema. "Hii simnyimi."

Akaigeuza picha, akaramba ncha ya kalamu, akaandika. Safari hii niliona chini ya neno la pili ametia nukta tatu, amezikandamiza mpaka karatasi ikaingia ndani. Kisha akaongeza neno la tatu, ambalo halikuwapo zamani. Akaweka kidole, akanisomea kutoka kulia kwenda kushoto: Bahari. Kupwa. Na neno la tatu lilikuwa jina. Miaka yote ile sijapata kulisikia, na alilitamka kwa haya, kama bwana harusi.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona. Alifariki masika yaliyofuata, nami sikupata habari mpaka amekwisha zikwa.

Mama wa Shanzu aliipokea picha yake dirishani. Akaisogeza karibu na macho, akaishusha, akaisogeza tena.

"Huyu mtu natoka wapi?"

"Alikuwamo, mama," nikasema. "Siku zote."

Akaitazama sana, na sikuona kwamba amechukia. Akaigeuza. Akaniuliza sasa maandishi yale yanasemaje, maana yamezidi. Nikamsomea mawili, nikamweleza kwamba si kubwa, ni kupwa, akastaajabu. Akaweka ukucha wake juu ya la tatu.

"Hilo sijui kusoma," nikamwambia.